Namba Kubwa Kwenye Boksi

Boksi la kipima umbali cha leza huwa na namba moja iliyoandikwa kwa wino mnene kuliko maelezo mengine yote: mita 2,000, mita 3,000, siku hizi hata zaidi. Namba hiyo si ya uongo. Ila imepatikana kwa kulenga kitu kipana kinachoakisi vizuri, mfano wa kibao cha barabarani, hali ya hewa ikiwa shwari. Mlengaji wa masafa marefu hana shughuli na vibao vya barabarani, ingawa aliyepita barabara za mashambani Marekani atakuwa ameviona vingi vyenye matundu ya risasi. Yeye analenga bamba la chuma lenye upana wa sentimita 30, lililoning'inizwa mbele ya kilima, na hapo namba ya boksi haimsaidii kitu.

Kwa nini umbali umsumbue hivyo? Kwa sababu risasi haiendi moja kwa moja. Inaanguka tangu inapotoka mdomoni mwa bunduki, na kadiri inavyopoteza kasi ndivyo njia yake inavyozidi kuinama. Chukua risasi ya .308 Winchester yenye uzito wa gramu 11 hivi. Ikifika mita 900 imeshakuwa hewani kwa zaidi ya sekunde moja na nusu, na sasa kwa kila mita inayosogea mbele inashuka takriban sentimita 2. Ukikosea umbali kwa mita 10, risasi inapita sentimita 20 juu au chini ya ulipokusudia, nayo nusu ya bamba letu ni sentimita 15 tu. Kosa hilo hilo kwenye mita 300 linakugharimu sentimita 3 au 4, na pengine usingelitambua. Daktari wa wanyamapori anayemfyatulia tembo kishale cha usingizi naye hupima, maana shinikizo la gesi kwenye bunduki yake hupangwa kulingana na umbali. Lakini masafa yake ni makumi ya mita, kwa hiyo kifaa cha bei ya chini kinamtosha kabisa.

Kabla ya leza, umbali ulipimwa kwa pembe, kupitia vioo viwili vilivyotenganishwa na bomba refu. Kampuni ya Barr and Stroud ya Glasgow, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1888, iliviuza vifaa vya namna hiyo kwa majeshi ya majini. Udhaifu wake ulikuwa wa kijiometri: umbali ukiongezeka mara mbili, kosa huongezeka mara nne. Mwaka 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko Malibu, California, na haikupita miaka mingi wanajeshi wakawa wanapima umbali kwa saa badala ya pembe. Kifaa hutoa mpigo mfupi wa mwanga na kungoja mwangwi wake. Kwenda na kurudi mita 1,000 huchukua mikrosekunde 6.7, mita moja ya tofauti ni nanosekunde 6.7. Saa za kielektroniki za leo hazihangaishwi na kazi hiyo. Tatizo limehamia kwingine: mwangwi uliorudi umetoka kwenye kitu gani?

Hapo ndipo upana wa mwale unapoingia, na kwa maoni yangu ndicho kipimo cha kwanza cha kukitafuta kwenye karatasi ya maelezo. Huandikwa kwa miliradiani. Miliradiani moja ni upana wa mita moja kwenye mita 1,000. Kifaa chenye mwale wa miliradiani 2 kitamwaga mwanga wake kwenye eneo lenye upana wa karibu mita mbili katika umbali huo, na bamba lako litapata kipande kidogo tu. Uliobaki utapiga kilima cha nyuma, nacho kitajibu kwa sauti kubwa kuliko bamba. Hesabu ya mwanga unaorudi nayo ni kali. Shabaha ikiujaza mwale wote, mwangwi hupungua kwa mraba wa umbali. Ikiwa ndogo kuliko mwale, hupungua kwa kipeo cha nne: ukiongeza umbali mara mbili, unapokea sehemu moja tu ya kumi na sita.

Umbo la mwale nalo lina neno lake. Diodi nyingi za leza hutoa mwanga kupitia ufa mwembamba, hivyo mwale huwa wa mstatili. Mstatili uliosimama wima kwenye uwanda hugusa majani ya mbele na mti wa nyuma kwa pamoja. Mara nyingine dawa ni kukigeuza kifaa ubavu tu.

Vifaa vya kawaida hutumia mwanga wa nanomita 905, ambao kipokezi cha silikoni, kitu rahisi, huuona vizuri. Vya ghali hutumia nanomita 1,550, na vipokezi vyake hutengenezwa kwa indiamu, galiamu na aseniki. Mwanga wa 1,550 humezwa na maji ya sehemu ya mbele ya jicho kabla haujaifikia retina, kwa hiyo sheria za usalama huruhusu mpigo wenye nguvu zaidi. Usidhani basi kwamba ghali hushinda kila mahali. Maji yale yale yanayolilinda jicho yamo kwenye majani mabichi, na barafu pia huumeza mwanga huo: theluji inayotutia kiwi kwa weupe, kwa leza hiyo ni kama nyeusi. Mwindaji wa milima ya Alaska anaweza kukuta kifaa cha bei nafuu kinasoma pale cha ghali kinaponyamaza.

Duka likikuruhusu, toka nje na kifaa unachotaka kununua. Tafuta nguzo ya umeme yenye anga tupu nyuma yake, ukifunge kifaa kwenye tripodi, kisha sogeza alama ya kulengea polepole kutoka kushoto hadi kitakapoanza kusoma. Fanya hivyo tena kutoka kulia. Halafu lenga anga juu ya nyumba na ushuke hadi kwenye ukingo wa paa lake. Utajua mwale una upana gani na uko wapi hasa, kwa sababu mara nyingi hauko pale alama inapoonyesha.