Rimu za tyublesi kwenye Vespa kuukuu: kwa nini nilibadili msimamo

Kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa wale wanaosema Vespa ya zamani iachwe ilivyotoka kiwandani: rimu za chuma, tyubu ndani, na spea iliyojificha chini ya bodi ya kushoto. Mtu akinitajia rimu za tyublesi nilimwona kama anayependa mapambo.

Nilibadili msimamo kwenye barabara ya kutoka Njoro kuja Nakuru. Nilikuwa nateremka na PX yangu kwa mwendo wa kama kilomita 50 kwa saa, mwanangu wa miaka 14 amekaa nyuma. Tairi la mbele likapata pancha. Usukani ulianza kuyumba, na kabla sijapunguza mwendo tairi lilikuwa limelala kabisa. Tulianguka kwenye nyasi kando ya lami. Mimi nilichubuka tu, lakini kijana alivunjika mkono. Dereva wa lori lililokuwa nyuma yetu alifunga breki kwa wakati, akashuka kutuinua.

Tulipofungua tairi tulikuta mwiba wa mgunga. Huku Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha na Elementaita hadi Nakuru, miti hiyo imejaa, na matawi yake hutumiwa kuzungushia maboma na mashamba. Huwezi kuepuka miiba. Unaloweza kubadili ni kile kinachotokea baada ya mwiba kuingia.

Tyubu ni mfuko mwembamba wa mpira. Ikitoboka, hewa huingia katikati ya tairi na rimu, kisha hutoka kwenye tundu la valvu na kwenye maungio ya rimu. Mara nyingi tundu lenyewe hupanuka, na tairi huisha upepo kwa sekunde chache. Tairi la tyublesi halina mfuko huo. Lina utando wa ndani usiopitisha hewa, na kingo zake hubana rimu kwa nguvu. Mwiba au msumari ukiingia, kwa kawaida hubaki umekwama palepale na kujizibia njia. Hewa hutoka polepole, nawe unapata nafasi ya kuhisi skuta inakuwa nzito, kupunguza mwendo na kuegesha. Tairi likichanika vibaya, hata tyublesi haitakuokoa. Lakini pancha nyingi ni za miiba na misumari.

Basi kwa nini usinunue tairi la tyublesi tu na kulivalisha rimu ya zamani? Msomaji wa Mombasa au Malindi anaweza kupata jibu kwa kutazama gurudumu la tuktuk. Piaggio ya Italia ilitoa Vespa mwaka 1946, na mwaka 1948 ikatoa Ape, gari la magurudumu matatu. Bajaj ya India nayo ilianza kwa kutengeneza Vespa kwa leseni. Tuktuk nyingi zinazozunguka mjini ni za ukoo huo, na zimerithi rimu ileile: nusu mbili za chuma zilizoshikanishwa kwa bolti na nati. Ni rimu nzuri kwa fundi wa kando ya barabara, maana anazitenganisha na kutoa tairi bila kutumia vyuma vya kubandulia. Lakini hewa hupita pale nusu hizo zinapokutana, kwa hiyo lazima kuwe na tyubu.

Nimeona watu wakipaka silikoni kwenye maungio hayo. Usifanye hivyo. Rimu hujinyonga kidogo kila unapopita tuta au shimo, na gundi hiyo huachia. Kuchomelea nusu hizo pamoja pia si jibu, kwa sababu rimu hiyo haina mfereji wa katikati unaoruhusu tairi kuingia. Unaweza kuvalisha tairi la tyublesi juu ya rimu ya zamani ukaweka tyubu ndani, lakini jua kwamba hapo umebaki na tabia zilezile za tyubu.

Kuna jambo jingine ambalo kila mwenye skuta au tuktuk anapaswa kulijua. Kwenye PX, nati 5 hushika gurudumu kwenye dramu ya breki, na nati nyingine 5 hushikanisha nusu za rimu. Zote hufunguliwa kwa spana ya 13. Siku ile ya ajali, fundi kijana alichukua spea yangu ikiwa imejaa upepo akaanza kulegeza nati za maungio. Nilimshika mkono. Nati hizo zikifunguliwa tairi likiwa na upepo, nusu za rimu huruka kwa nguvu inayoweza kuua. Toa upepo wote kwanza, ikiwezekana ng'oa kabisa ulimi wa valvu, ndipo uguse nati.

Rimu ya tyublesi ya Vespa ni kipande kimoja cha alumini. Zinazojulikana zaidi ni zile za SIP ya Ujerumani, za inchi 10, na zinaingia kwenye nati zilezile 5 za dramu. Kuziagiza pamoja na usafiri na ushuru si jambo dogo, kwa hiyo mimi nilianza na gurudumu la mbele. Tairi la nyuma likiisha upepo, skuta hutikisika lakini bado unaweza kuishikilia. La mbele likiisha, usukani hauko mikononi mwako tena.

Wakati wa kufunga, angalia mambo haya. Tairi liwe limeandikwa TUBELESS au TL ubavuni, saizi 3.50-10, na usome tarakimu 4 za tarehe: 2 za kwanza ni wiki, 2 za mwisho ni mwaka. Valvu iwe imepinda ili isiguse dramu wala uma. Alumini ni nene kuliko chuma cha zamani, kwa hiyo hakikisha nati zinashika nyuzi za kutosha kwenye bolti. Tairi livalishwe kwa maji ya sabuni na uangalifu, maana mkwaruzo kwenye ukingo wa rimu ni njia ya hewa. Kompresa ndiyo itakayosukuma kingo zikae mahali pake, utasikia mlio. Baadaye paka maji ya sabuni pande zote na kwenye valvu, utafute mapovu, kisha uache gurudumu lilale usiku mmoja kabla ya kulitumia.

Kuhusu upepo, PX hutumia paundi 18 mbele na 25 nyuma ukiwa peke yako, na kama 36 nyuma ukibeba mtu. Hapa wenzetu wa Pwani wazingatie kitu kimoja. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ya nje ni nyepesi. Tairi lililojazwa Mombasa litasoma karibu paundi 3 zaidi likifika huku, ingawa baridi hupunguza kidogo. Ukishuka Pwani na tairi lililojazwa Nakuru, litaonekana limepungua bila pancha yoyote. Kwa tairi la paundi 18, hiyo ni sehemu kubwa. Pima upya ufikapo, tairi likiwa baridi.

Hasara zipo. Rimu ya chuma ikipinda, fundi wa jua kali huinyoosha kwa nyundo. Ya alumini inaweza kupasuka, na haifai kugongwa. Kwenye barabara za mawe za kwenda Molo nalazimika kwenda taratibu zaidi. Kwa sababu hiyo spea yangu bado ni rimu ya zamani yenye tyubu. Inaingia kwenye nati zilezile.

Mkono wa kijana umepona, na bado anapenda kupanda nyuma. Mwezi uliopita nilikuta msumari kwenye tairi la mbele nikiwa nyumbani, asubuhi. Sikujua niliukanyaga lini. Upepo ulikuwa umepungua paundi 4 tu.