Kidhibiti cha Umeme na Shajara Yake

Jioni ikiingia Kiboriloni, wenye maduka kando ya barabara iendayo Himo huwasha taa, mafundi cherehani hutia pasi moto, na mashine za kusaga hukimbizana na foleni ya wateja wa mwisho. Ndipo taa zinapofifia. Wenyeji husema kwa kifupi, “Umeme mdogo.” Je, umeme huo umepungukia wapi? Na baada ya taa kurudia mwanga wake, nani atakayeweza kuthibitisha kwamba ulipungua?

Wanafunzi wa Kilimanjaro wanaifahamu mifongo, ile mifereji ya kale iliyochimbwa na Wachaga kuteremsha maji ya mlimani hadi vihambani. Wengi wakifungulia maji kwa wakati mmoja, wa mwisho hupata kidogo. Mfano huu wafaa, lakini tuutumie kwa uangalifu. Katika waya wa umeme mkondo haupotei njiani kama maji yapoteavyo ardhini. Kinachopungua ni msongo, yaani ile nguvu inayousukuma mkondo, nao hupungua kwa kiasi kilicho sawa na mkondo mara ukinzani wa waya. Tuseme waya wa kwenda na kurudi una ukinzani wa omu 0.5. Mkondo wa ampea 40 utapunguza volti 20, na mteja aliyestahili volti 230 atapata 210. Jioni mkondo ukifika ampea 80, atabakiwa na volti 190.

Upungufu huo si wa taa tu. Uwezo wa mota ya kawaida ya mashine ya kusaga kuzungusha mzigo hufuata mraba wa msongo. Kwa volti 190 uwezo huo hushuka hadi asilimia 68 hivi. Mota inayolemewa huvuta mkondo mwingi zaidi, nyaya zake hupata joto, na mwisho wake ni harufu ya kuungua ambayo kila mwenye mashine anaiogopa.

Umeme wa gridi hufika Moshi katika kituo cha kupoza umeme cha Kiyungi kwa msongo wa kilovoti 132, kisha hupunguzwa ili usambazwe. Katika laini ndefu za usambazaji, dawa mojawapo ya upungufu ni kidhibiti msongo. Hiki ni transfoma ya aina ya pekee yenye ngazi. Kidhibiti cha kawaida kina ngazi 16 za kupandisha na 16 za kushusha, kila moja ikibadili msongo kwa asilimia 0.625; hivyo jumla yake ni asilimia 10 kwenda juu au chini. Kwa kipimo cha volti 230, ngazi moja ni kama volti 1.4.

Chombo kinachoamuru ngazi hizo hupewa mambo matatu: kiwango kinachotakiwa, mwanya unaovumilika, na muda wa kusubiri. Kwa mfano, huambiwa kishike volti 230, kivumilie kati ya 228 na 232, na kisubiri sekunde 30 kabla ya kuchukua hatua. Pasipo kusubiri kingepanda na kushuka kila mota inapowashwa, na viungo vyake vingechakaa upesi.

Zamani kumbukumbu ya chombo hiki ilikuwa haba. Palikuwa na kihesabio cha idadi ya mabadiliko, na mishale miwili iliyosukumwa na mshale mkuu na kubaki pale pa mbali zaidi ulipofika. Fundi alijua kwamba ngazi ya 16 ilifikiwa, lakini hakujua ni siku gani wala saa ngapi. Vidhibiti vya kielektroniki vya leo huweka kumbukumbu za namna tatu, na hapana budi tuzitofautishe.

Ya kwanza ni king'ora. Huita mtu sasa hivi: msongo umevuka kikomo, ngazi zimekwisha, au mota ya kubadili ngazi imekwama. Ya pili ni kumbukumbu ya matukio, ambayo ni kama shajara: huandika kila badiliko pamoja na saa na sekunde yake. Ya tatu ni daftari la vipimo, linalofanana na daftari la mvua shuleni. Halingojei jambo litokee. Kila baada ya dakika 15, kwa mfano, huandika msongo, mkondo na ngazi iliyopo. King'ora husema kuna jambo, shajara husema lilianzaje, na daftari husema kama ni desturi au ni ajali.

Lakini kumbukumbu haina faida ikisomwa vibaya. Jirani yangu mmoja wa Kiboriloni aliunguliwa na mota ya mashine yake. Aliandika malalamiko, akaeleza kwamba umeme ulipungua “saa 1:00”. Msomaji wa kumbukumbu akafungua ukurasa wa 01:00, akakuta msongo mzuri kabisa, naye mzee akajibiwa kwamba hana hoja. Alinijia na barua mkononi akasema, “Mwalimu, mashine yao inaniita mwongo.” Mashine haikusema uongo. Yenyewe huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Mzee alihesabu kama tuhesabuvyo sote, kuanzia jua linapochwa. Saa moja ya usiku ni 19:00. Ukurasa huo ulipofunguliwa, kidhibiti kilikuwa ngazi ya 16, king'ora kimeandikwa, na msongo ungali chini ya mwanya. Daftari likaonyesha hivyo hivyo jioni baada ya jioni. Malalamiko yakafunguliwa upya.

Tazameni jinsi kumbukumbu zinavyoelekeza dawa. Ngazi zikiwa zimekwisha kila jioni, kidhibiti hakina kosa. Laini imezidiwa, yahitaji waya mnene zaidi au chanzo kilicho karibu. Zikipanda na kushuka bila kupumzika, huenda mwanya ni mwembamba mno au muda wa kusubiri ni mfupi mno. Msongo ukiwa mzuri kwenye kidhibiti lakini mbaya nyumbani, kasoro itafutwe mbele yake: kwenye transfoma ya mtaa au kiungo kilicholegea.

Walimu wanaweza kulifundisha jambo hili bila kugusa umeme wa nyumbani, ambao ni hatari. Chukueni betri za tochi, waya mwembamba mrefu, balbu ndogo kadhaa na voltimita. Ungeni balbu sambamba mwishoni mwa waya, moja baada ya nyingine, na kila mara mwandike msongo wa hapo mwishoni pamoja na saa. Kisha mpeni daftari mwanafunzi ambaye hakuwapo, aeleze kilichotokea. Akishindwa, tafuteni ni kitu gani hamkukiandika. Na juu ya safu ya saa, andikeni wazi ni saa za hesabu gani.