Kiungo Kinachofunguka Si Lazima Kiwe Sahihi: Utunzaji wa Viungo vya Tovuti katika Maktaba za Ofisi

DAR ES SALAAM

Mfanyabiashara wa vitenge katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mwenye mauzo ya shilingi milioni 150 kwa mwaka, akitaka kujua iwapo anapaswa kujisajili kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT), anaweza kupata majibu mawili yanayopingana, na yote mawili yakawa yametoka katika nyaraka halisi za Serikali. Waraka ulioandikwa kabla ya Julai 2023 utamweleza kuwa anapaswa kujisajili, kwa kuwa kiwango cha mauzo kilikuwa shilingi milioni 100. Waraka wa baada ya hapo utamweleza kuwa hajafikia kiwango, kwa kuwa kilipandishwa hadi shilingi milioni 200. Nyaraka zote mbili zinaweza kuwa bado zipo mtandaoni, na viungo vyake vikafunguka bila tatizo lolote.

Mfano huo unaonesha ugumu wa kazi ambayo kwa kawaida huonekana ndogo: kutunza orodha ya viungo vya tovuti za nje katika maktaba ya ofisi. Zamani rafu ya marejeo ilikuwa na majalada ya sheria, matoleo ya Gazeti la Serikali na taarifa za mwaka. Siku hizi sehemu kubwa ya rafu hiyo ni orodha iliyomo katika kompyuta, yenye anwani za tovuti za wizara, mamlaka za udhibiti, Bunge na Mahakama. Kitabu kikishawekwa kwenye rafu hubaki kama kilivyo. Waraka uliopo kwenye tovuti ya taasisi nyingine unaweza kuhamishwa, kufutwa au kubadilishwa wakati wowote, na maktaba iliyouorodhesha isijue.

Viungo hukatika kwa sababu nyingi, na nchini Tanzania mojawapo ni mabadiliko ya muundo wa Serikali. Januari 2022, iliyokuwa Wizara ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto iligawanywa na kuwa wizara mbili. Mgawanyo wa aina hiyo huambatana na tovuti mpya, mpangilio mpya wa kurasa na kuhamishwa kwa nyaraka za zamani. Sababu nyingine ni ya kiufundi tu: taasisi hubadilisha mfumo wa tovuti yake, majalada hupewa majina mapya, na anwani iliyonakiliwa mwaka uliopita huleta ujumbe wa hitilafu namba 404, yaani ukurasa haukupatikana.

Kiungo kilichokatika, hata hivyo, hujitangaza chenyewe. Msomaji huona kuwa hakuna kitu, akauliza. Kinachohitaji uangalifu zaidi ni kiungo kinachofunguka na kuonesha waraka uliopitwa na wakati, kwa kuwa hakuna anayelalamika mpaka mtu awe ameshafanya uamuzi kwa kuutegemea. Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani waliochunguza viungo vilivyonukuliwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya nchi hiyo walieleza, katika utafiti uliotolewa mwaka 2013, kuwa takriban nusu ya viungo hivyo havikuwa tena na taarifa iliyokusudiwa. Katika hesabu hiyo walijumuisha pia viungo vinavyofunguka lakini vyenye maudhui tofauti.

Zipo programu za kompyuta zinazoweza kukagua mamia ya viungo kwa dakika chache. Programu hizo ni msaada mkubwa, lakini hupima jambo moja tu: kama ukurasa unafunguka. Haziwezi kutambua kuwa kanuni iliyomo imefutwa. Kazi hiyo hubaki kwa mkutubi au ofisa aliyekabidhiwa orodha, na ratiba yake inafaa kufuata kalenda ya Serikali kuliko kalenda ya kawaida. Sehemu ya kodi na tozo ikaguliwe kila Julai, mwaka mpya wa fedha unapoanza na Sheria ya Fedha ya mwaka husika inapoanza kutumika. Sehemu ya wizara ikaguliwe kila yanapofanyika mabadiliko ya Baraza la Mawaziri.

Ukaguzi mkubwa zaidi kwa sasa ni wa viungo vya sheria. Toleo la Sheria zilizofanyiwa Urekebu la Mwaka 2023 lilizinduliwa Aprili 2025 na kuanza kutumika Julai 1, 2025, likichukua nafasi ya toleo la mwaka 2002. Katika baadhi ya sheria, namba za vifungu zimebadilika. Maktaba ambayo bado inaelekeza wasomaji kwenye nakala za toleo la 2002 bila maelezo inawapeleka kwenye vifungu ambavyo huenda havina tena namba ile ile.

Namna ya kuorodhesha nayo ina uzito. Anwani pekee haitoshi. Kila ingizo linapaswa kuwa na jina kamili la waraka, namba ya sheria au ya Tangazo la Serikali, tarehe ya kuchapishwa, taasisi iliyoutoa na tarehe ambayo kiungo kilikaguliwa mara ya mwisho. Mathalani, Amri ya mwaka 2025 inayozuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara, ambayo wafanyabiashara wengi wa Kariakoo waliipata kwa kutumiana kwenye simu, ikiorodheshwa kwa jina na namba yake katika Gazeti la Serikali itapatikana hata tovuti ikibadilika, kwa sababu gazeti lililochapishwa halibadiliki.

Nyaraka muhimu zinafaa kuhifadhiwa pia kama nakala tete ndani ya ofisi. Kwa sheria na maamuzi ya mahakama hakuna kikwazo, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haivipi ulinzi wa hakimiliki. Kwa vitabu na ripoti za watu binafsi au mashirika, ni lazima kuomba ridhaa kwanza. Waraka ukishafutwa na mwingine, ingizo la zamani lisiondolewe kimya kimya. Liwekwe alama ya kuwa limefutwa, na waraka uliochukua nafasi yake utajwe. Anayeshughulikia shauri la mwaka 2021 bado anauhitaji waraka wa mwaka 2021.

Kwa mwananchi anayepokea kiungo kwenye simu janja, jambo la kwanza la kutazama ni anwani yenyewe. Tovuti za taasisi za Serikali ya Tanzania hutumia kikoa cha go.tz, na herufi hizo zinapaswa kuwa mwisho wa jina la tovuti, kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina hilo. Herufi hizo zikionekana katikati ya jina, au zikiunganishwa kwa kistari, hicho si kikoa cha Serikali. La pili ni tarehe ya waraka. Asiyeipata anaweza kufika na jina la waraka huo katika Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mwendo mfupi kutoka Kariakoo, na kuomba kuoneshwa Gazeti la Serikali la mwaka husika.