Plastiki ya kulinda rangi ya gari: kabla ya kulipa, kagua rangi yenyewe

Na Mwandishi Wetu

GARI likishushwa melini Dar es Salaam, safari yake ndiyo kwanza inaanza. Kutoka bandarini mpaka Kigali ni karibu kilomita 1,500, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, hadi daraja la Rusumo. Magari mengi madogo hayabebwi juu ya lori. Huendeshwa na wale ambao barabara nzima inawajua kwa jina la "madereva wa IT", kutokana na herufi za namba za muda zinazofungwa kwenye magari yanayopita Tanzania kwenda nchi jirani.

Dereva huyo ana haraka, na mbele yake kuna malori. Tairi la lori likirusha kokoto, linalopokea kipigo ni bampa, boneti na kingo za vioo vya pembeni. Mwenye gari akilipokea, hulizunguka mara mbili kwa furaha. Mara ya tatu huinama na kuona pua ya gari imejaa vidoa vidogo, kana kwamba imedonolewa na kuku.

Kwa mtu aliyerudi nyumbani na akiba ya miaka mingi ya ughaibuni, kidoa kile huuma. Na akiingia mjini, fundi wa kwanza atamwambia dawa ipo: plastiki isiyoonekana, inayobandikwa juu ya rangi, na gari litabaki jipya miaka yote.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Lakini kabla hujafungua pochi, ndugu msomaji, ni vizuri kujua kinga hiyo inakinga nini, na gari lako linaihitaji kweli au la.

Plastiki yenyewe ni nini

Kitu hiki si kigeni kama kinavyosifiwa. Kilianza miaka ya 1960, wakati Marekani ikipigana Vietnam, kikitumika kulinda mapangaboi ya helikopta yasiliwe na mchanga na vifusi. Baadaye kikaingia kwenye magari ya mashindano, kisha kwa watu wa kawaida.

Plastiki nzuri ya siku hizi hutengenezwa kwa poliyurithani, ambayo hunyumbulika kama mpira. Unene wake ni kati ya milimita 0.15 na 0.2. Unaweza kuuona mdogo, lakini ulinganishe na rangi. Rangi ya kiwandani, kuanzia praima mpaka ile klia ya juu inayong'aa, kwa kawaida ni milimita 0.1 hadi 0.15 tu. Kwa hiyo ukibandika plastiki, ngozi ya gari inakuwa nene mara mbili au zaidi, tena kwa kitu laini kinachomeza kipigo badala ya kupasuka.

Inazuia kokoto ndogo, mchubuko wa funguo, kinyesi cha ndege, na mikwaruzo ya kitambaa chenye vumbi. Zile zenye utando wa juu unaojirekebisha hupoteza mikwaruzo midogo zikipata joto la jua au maji ya moto.

Haizuii gari kubonyea. Haizuii pikipiki iliyokuja kwa kasi. Haizuii kutu iliyokwisha kuanza chini ya rangi. Na jiwe kubwa lililorushwa na tairi la lori litapita hapo kama lilivyokusudia.

Usiichanganye na ile dawa ya kupaka inayoitwa seramiki. Dawa hiyo hung'arisha na kurahisisha kuosha, lakini ni nyembamba mno. Kokoto haijui kama ipo.

Swali la kwanza: rangi iko katika hali gani?

Plastiki hushika kile ilichobandikwa juu yake. Rangi ya kiwandani imeokwa kwa joto kali na imeshikana na bati. Rangi ya gereji inategemea fundi alivyopiga msasa na kupaka praima. Kama alilipua kazi, siku plastiki inatolewa, rangi nayo inaondoka nayo.

Magari mengi yanayofika kwetu yametumika, na mengine yamegongwa na kurembwa kabla ya kuuzwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa hiyo kagua kwanza.

Tazama mipira ya milango na ya vioo: kama ina vumbi la rangi, gari limepuliziwa. Simama mbali kidogo kwenye mwanga wa asubuhi ulinganishe mlango na fenda. Rangi mbili hazifanani kabisa. Pitisha jicho juu ya bati: uso wenye mabonde madogo kama ganda la chungwa, ilhali sehemu nyingine ni laini, umepakwa upya. Kisha chukua sumaku ndogo, uifunge kwa kitambaa laini, uiguse kwenye bati. Pale inaposhika kwa unyonge, huenda chini kuna puti.

Kama boneti imepakwa rangi juzi, subiri. Rangi mpya hutoa hewa ya kemikali zake kwa wiki kadhaa. Ushauri wa kawaida ni kukaa angalau siku 30 kabla ya kuifunika. Na zile alama za kokoto za njiani? Plastiki haizifuti. Inazifungia ndani, na utaziona kila siku kama picha kwenye fremu. Zirekebishwe kwanza.

Swali la pili: gari litapita wapi, na litakaa kwako muda gani?

Anayeishi Kigali, akienda kazini na kurudi kwenye lami, hapigwi na kokoto nyingi. Adui yake ni mishikio ya pikipiki kwenye msongamano, na vijana wanaoosha gari kwa kitambaa kilichoanguka chini. Hilo la pili linatibiwa kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia. Wakazi wa Goma na Rubavu wanajua zaidi, kwa sababu vumbi la mawe ya volkano hukwaruza kama msasa likisuguliwa kavu.

Anayepanda na kushuka njia ya Rusumo au Kabanga kila wiki nyuma ya malori, na gari ni zuri, na anataka kukaa nalo miaka mitano au zaidi, huyo ana sababu. Lakini hata yeye hahitaji kufunika gari zima. Kokoto hupiga mbele: bampa, boneti, pua za fenda na migongo ya vioo vya pembeni. Huko Marekani, kazi ya upande wa mbele peke yake kwa kawaida hugharimu kati ya dola 1,500 na 2,500, na gari zima huweza kupita dola 5,000. Kwetu bei hutegemea fundi na mzigo ulivyoingia, lakini uwiano ni huo huo: mbele ni sehemu ndogo ya gharama, na ndiko kwenye sehemu kubwa ya faida.

Mfanyabiashara anayenunua gari ili aliuze baada ya miezi sita, fedha hiyo hairudi. Mnunuzi hulipia injini, maili na makaratasi.

Rangi nayo ina neno. Magari ya Toyota yana kibao kidogo cha chuma, ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Tafuta herufi C/TR, na mbele yake utakuta namba ya rangi. Namba 040 ni ile nyeupe ya kawaida. Kidoa chake hakionekani sana, na fundi yeyote anaweza kukiziba. Namba 070 ni nyeupe ya lulu, yenye tabaka za ziada, na kuifananisha ni kazi ngumu na ghali. Nyeusi nayo huonyesha kila mkwaruzo. Mwenye lulu au nyeusi ana sababu kubwa ya kufikiria plastiki kuliko mwenye 040.

Piga hesabu hii

Mwulize fundi rangi unayemwamini: kupaka upya bampa na boneti ni bei gani? Kisha uliza bei ya plastiki kwa sehemu hizo hizo. Kama plastiki inazidi kupaka rangi mara mbili, basi hulindi fedha. Unalinda rangi ya kiwandani kwa mapenzi yako. Si kosa, mradi ujue unalipia nini.

Na kama tairi zimekwisha, breki zinalia, au bima ni ya wiki mbili, jibu limeshapatikana. Hakuna aliyepona mteremko wa Rusumo kwa sababu boneti yake inang'aa.

Kwa mwenye gari la kazi kuna njia ya katikati, ambayo wauzaji hawaitaji sana kwa kuwa haina fedha nyingi: vipande vidogo. Ukingo wa buti unapoburuzwa magunia ya viazi na mikungu ya ndizi. Kingo za milango. Vishimo nyuma ya vishikio vya milango, ambako kucha na pete huchora kila siku. Vipande hivi hugharimu kidogo, na ndipo gari la biashara linapochakaa mapema.

Ukiamua kubandika

Uliza plastiki ni ya aina gani. Ile ya PVC ni rahisi, lakini hukakamaa na kugeuka njano mapema juani. Omba kipande kidogo ukivute: poliyurithani hunyumbuka na kurudi taratibu, PVC hubaki imevutika.

Tazama mahali pa kazi. Kazi hii inataka chumba kilichofungwa, sakafu iliyomwagiwa maji na mwanga wa kutosha. Gereji ya uwanjani kando ya barabara ya vumbi haifai. Viputo vya maji hukauka vyenyewe baada ya siku kadhaa, lakini chembe ya mchanga iliyonaswa chini itabaki hapo mpaka plastiki itoke.

Uliza inakatwaje. Fundi anayekata kwa wembe juu ya gari lako, mkono ukiteleza, ameikata rangi uliyokuja kuilinda. Ni salama zaidi vipande vikikatwa na mashine kabla, au kingo zikipindwa kwa ndani.

Usioshe gari kwa muda utakaoambiwa na fundi, na baada ya hapo mpira wa maji ya presha usielekezwe kwenye kingo. Dai risiti yenye jina la plastiki na muda wa dhamana. Na ikizeeka, itolewe kwa joto na kwa subira. Iliyoachwa mpaka ikapasuka huondoka na klia.

Ukiamua kutobandika, usikae bure. Tafuta kichupa cha rangi ya namba yako na brashi nyembamba. Kila kidoa kilichofika kwenye bati, kisafishe, kikaushe na ukizibe kabla ya mvua za masika. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na kwenye gari ufa huo huitwa kutu.

Gari lililofika salama kutoka bandarini limeshavuka Tanzania nzima kwa rangi yake yenyewe. Likague kwanza, ndipo uamue linahitaji nini.