Kusoma Huzuni Isiyotajwa: Kisa cha Juliane Koepcke

Mtahiniwa, katika karatasi ya pili ufahamu una alama 15. Alama ambazo wengi hupoteza hapo si za maswali ya "nani" na "wapi". Hupotea pale mtahini anapouliza kuhusu hisia za mhusika. Kifungu kinasimulia ajali ya kutisha, mhusika ananusurika, nawe unaandika "alikuwa jasiri" kisha unasonga mbele. Hujakosea, ila umejibu nusu. Aliyenusurika mara nyingi amefiwa pia, na huenda mwandishi asiandike neno "huzuni" hata mara moja. Tuchukue kisa cha kweli tuone linakojificha.

Juliane Koepcke alizaliwa Lima, Peru, mwaka 1954. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, wote wataalamu wa wanyama. Mama yake, Maria, alibobea katika elimu ya ndege (hao wa ngeli ya A-WA, si ile ya I-ZI wanayoipanda hivi punde). Mwaka 1968 wazazi hao walianzisha kituo cha utafiti kiitwacho Panguana ndani ya msitu wa mvua wa Amazon, na Juliane akaishi huko kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Kisha akarudi Lima kumaliza shule ya upili.

Hapa usome polepole. Krismasi ya 1971 ilipokaribia, mama alitaka wasafiri mapema kwenda kwa baba. Binti, mwenye miaka 17, alitaka kwanza kuhudhuria sherehe ya kuhitimu, ambayo ilikuwa tarehe 23 Desemba. Mama akakubali kusubiri. Tarehe 24 wakapanda ndege ya shirika la LANSA, safari namba 508, kuelekea Pucallpa. Wewe unayesubiri kumaliza kidato cha nne huhitaji kuelezwa sherehe hiyo ilikuwa na uzito gani kwake. Lakini kifungu kikitaja jambo kama hili mapema, jua hakijalitaja bure. Mzigo ambao msichana huyu angekuja kuubeba unaanzia hapo, kabla ya ndege kuruka.

Ndege iliingia katika dhoruba, ikapigwa na radi na kuvunjika angani. Juliane alianguka kutoka takriban mita 3,000 akiwa amefungwa mkanda kwenye kiti chake. Inadhaniwa kwamba safu ya viti ilipunguza kasi ya kuanguka na matawi ya msitu yakampokea. Ndani ya ndege walikuwemo watu 92. Yeye peke yake ndiye aliyetoka hai.

Alizinduka asubuhi ya Krismasi. Mtulinga ulikuwa umevunjika, mkono ulikuwa na jeraha, jicho limevimba na miwani yake imepotea, naye haoni mbali bila miwani. Alikuwa na gauni fupi lisilo na mikono na kiatu kimoja cha wazi. Je, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa lipi? Watahiniwa wengi wangejibu kwamba alitafuta njia ya kutoka. La. Alimtafuta mama yake. Aliita, akatambaa na kuzunguka pale alipoangukia, na hakuna aliyeitika. Baadaye ndipo alipousikia mkondo wa maji na kuufuata. Mpangilio huo wa matendo ni ushahidi. Ukiulizwa hisia zake, taja kwamba alimtafuta mama kabla ya kujitafutia usalama, nawe utakuwa umethibitisha upendo na hofu ya kufiwa bila kubahatisha.

Kuhusu mbinu za kunusurika, hapa ndipo penye hoja nyingi na rahisi kupata. Baba yake alikuwa amemfundisha kwamba mkondo mdogo huingia katika mkubwa, na kando ya mto mkubwa huishi watu. Alitembea ndani ya maji au kuogelea katikati ya mto. Alijua kwamba samaki aina ya piranha ni hatari zaidi katika maji yaliyotuama, na kwamba taa wenye miiba hujilaza kwenye kina kifupi karibu na ukingo. Nchi kavu alitanguliza mguu wenye kiatu, kwa sababu ya nyoka. Chakula chake kilikuwa peremende chache alizookota kwenye mabaki. Ulikuwa msimu wa mvua, hakupata matunda ya kula, na hakuthubutu kujaribu mimea asiyoijua. Ndege za waokoaji alizisikia juu, lakini msitu ulikuwa mzito mno wasiweze kumwona. Baada ya siku chache mngurumo ukakoma.

Sasa turudi kwenye huzuni. Siku ya nne hivi alisikia mbawa za tai mzoga, na maisha ya Panguana yalikuwa yamemfundisha maana ya sauti hiyo. Akaikuta safu ya viti imejikita ardhini, na ndani yake maiti tatu. Mmoja alikuwa mwanamke. Juliane alihofia kuwa ni mama yake. Akachukua kijiti, akaigusa miguu ya maiti, akaona kucha zimepakwa rangi. Mama yake hakuwa na desturi ya kupaka kucha rangi. Hakuwa yeye.

Soma aya hiyo mara mbili. Hakuna chozi ndani yake, wala neno "alihuzunika". Kuna kijiti na rangi ya kucha. Mtahini akiuliza, "Eleza hali ya kihisia ya Juliane alipoziona maiti (alama 4)", jibu dhaifu ni hili: "Alikuwa na huzuni na woga kwa sababu aliona maiti." Jibu bora litakuwa hivi: "Alikuwa na hofu, kwani alidhani mwanamke huyo ni mama yake. Alikuwa na shauku ya kujua ukweli, ndiyo maana akaikagua maiti badala ya kukimbia. Alipata nafuu alipoona kucha zilizopakwa rangi. Hata hivyo, alibaki na wasiwasi kwa kuwa bado hakujua aliko mama." Hoja nne, kila moja na ushahidi wake. Usimalizie kwa "penye nia pana njia". Methali ni nzuri kwenye insha, lakini hapa hujaombwa.

Siku ya kumi aliona mashua, na njia iliyomfikisha kwenye kibanda cha wakata miti. Jeraha la mkono lilikuwa limejaa mabuu ya nzi. Akakumbuka jinsi baba yake alivyomtibu mbwa, akamimina petroli juu ya kidonda na kuyatoa mabuu karibu 30. Kesho yake wakata miti wakamkuta. Walimlisha, wakamhudumia, wakampeleka kwa mashua hadi kwenye msaada, na hatimaye akaonana na baba yake.

Mwili wa mama ulipatikana tarehe 12 Januari 1972. Juliane alikwenda Ujerumani, akasomea biolojia kama wazazi wake, akafanya utafiti kuhusu popo wa Panguana. Baba alipofariki mwaka 2000, yeye ndiye aliyechukua usimamizi wa kituo hicho. Amewahi kueleza kwamba kwa miaka mingi aliota ndoto mbaya, na kwamba swali la kwa nini yeye peke yake alinusurika halikumwacha.

Zoezi. Jibu kwa maneno yako mwenyewe na usinakili sentensi za kifungu.
(a) Kwa nini sherehe ya kuhitimu ni muhimu katika kuielewa huzuni ya Juliane? (alama 3)
(b) Taja mambo mawili aliyojifunza kwa baba yake na ueleze jinsi kila moja lilivyomwokoa. (alama 4)
(c) "Kurudi Panguana kulikuwa njia yake ya kuomboleza." Jadili ukitumia ushahidi wa kifungu. (alama 4)

Katika (c), unaruhusiwa kupinga kauli hiyo, mradi uthibitishe.