Takwimu za udumavu: watoto wanaoweza kupotea kwa sababu ya safu moja

Watoto 43 kwa kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini RDC walikuwa na udumavu, yaani walikuwa wafupi mno kwa umri wao. Hesabu hiyo ilitolewa na uchunguzi wa EDS wa 2013-2014. Lakini mwanafunzi anayefungua faili za uchunguzi huo ili kuandika kazi ya mwisho wa masomo anaweza kupata jibu lingine, hata kama kompyuta yake haijakosea kitu.

Faili hizo zina mamia ya safu zenye majina kama V005 au HW70. Maana ya kila safu imeandikwa ndani ya kamusi ya data. Kuisoma yote kwa macho kunachosha, ndiyo maana watafiti hutumia amri fupi: lookfor katika programu ya Stata, au look_for ya pakiti labelled katika R. Amri hiyo hutafuta neno ndani ya majina ya safu na maelezo yake.

Kikwazo cha kwanza ni lugha. Watoto walipimwa Congo, lakini maelezo ya safu yako kwa Kiingereza. Anayetafuta "taille" hapati kitu. Lazima aandike "height". Akitafuta "age", anarudishiwa hata "language" na "marriage", kwa kuwa herufi hizo zimo ndani yake. Katika R, kuandika "\\bage\\b" kunaleta neno lenyewe tu.

Kikwazo kikubwa zaidi ni safu mbili zinazofanana. HW70 imo katika faili ya watoto, HC70 katika faili ya watu wa nyumba. Zote mbili zinaonyesha urefu kwa umri kufuatana na vipimo vya OMS vya 2006. Tofauti ni nani anayehesabiwa. HW70 inahusu watoto ambao mama zao walihojiwa. HC70 inachukua watoto wote waliopimwa nyumbani, akiwemo yatima na yule anayelelewa na bibi yake. Ripoti ya EDS huhesabu udumavu kwa kutumia HC70. Anayechukua HW70 bila kusoma kamusi anawaacha nje watoto hao, bila kujua.

Kuna pia namna ya kusoma namba. Katika safu hizo, -200 ni -2,00, na mtoto aliye chini ya hapo ana udumavu. Namba kuanzia 9996 si vipimo. Zinaonyesha kipimo kisichofaa au kinachokosekana, na lazima ziondolewe. Uzito wa sampuli, HV005, hugawanywa kwa 1.000.000.

Njia ya kujihakikisha ni moja: kabla ya kuhesabu Kivu au Ituri, mtafiti ahesabu kwanza nchi nzima. Asipofikia 43, arudi kwenye kamusi.