Mtoto wa kobe na joto lake

Je, umewahi kumshika kobe asubuhi ya baridi? Utadhani umeshika jiwe! Mwili wake hauwezi kujipasha joto kama wetu, hulipata juani.

Chukua kobe wa Hermann, anayefugwa sana Ulaya. Boksi la mtoto wake liwe na pande mbili. Chini ya balbu ya joto pawe nyuzi 30 hadi 35 za Selsiasi. Upande wa kivuli, 20 hadi 25. Atachagua mwenyewe. Usibahatishe kwa kiganja, tumia kipimajoto.

Kwa nini mtoto zaidi? Kwa kuwa ni mdogo, hupata joto upesi na kulipoteza upesi. Akipoa mno hataki kula, na chakula hakisagiki tumboni. Akiachwa juani ndani ya boksi la kioo, bila kivuli, anaweza kufa muda si mrefu.

Na wewe je? Kobe mzima kabisa anaweza kubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha. Ndiyo maana tangu 1975 Marekani imekataza kuuza kobe wa kufugwa mwenye gamba lisilofika inchi 4. Basi, ukishamshika, nawa mikono kwa sabuni. Na kumbusu? Hapana, hata kama unampenda vipi!